Mashine Ililia Nyuma ya Jiko la Mama

Kuuza mashine ya kupimia dhahabu ni kazi ya kukutia wazimu, kwa sababu kila mnunuzi anaanza na swali lilelile: kama inafanya kazi, mbona unaiuza? Niliulizwa na mwalimu mstaafu, nikaulizwa na fundi baiskeli, nikaulizwa na mtu wa Inyonga aliyepiga simu mara moja akapotea mpaka leo. Jibu zuri sikuwa nalo. Ukisema inafanya kazi, wewe mwongo. Ukisema haifanyi kazi, nani atainunua?

Ukweli ni kwamba nilikuwa naiuza kwa sababu ya mume wangu. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mpanda, kwa hela tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya friji ya duka langu la juisi, na tangu siku hiyo nikawa sina mume Jumamosi wala Jumapili. Alikuwa anavaa vile visikilizio masikioni, anashika ile fimbo yenye sahani chini, anapotelea porini akiipeleka huku na huku kama mtu anayefagia uwanja wa shule. Mwaka mzima alileta nyumbani misumari, vizibo vya soda na kikombe cha bati kisicho na mkono. Dhahabu hakuleta hata ya kuziba jino. Nikamwambia achague, mashine itoke au nitoke mimi. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikaiweka mtandaoni, kwenye kundi moja la watu wanaouziana vitu vilivyotumika. Na nilijiandaa, msinione mjinga. Nilikuwa nimeshasikia yote: yule anayekutumia meseji ya uongo kwamba hela imeingia, yule anayesema mpe dereva wa basi nitalipa mzigo ukifika, yule anayekuita mkutane kwenye kona ya pori wewe na mashine yako. Nikasajili laini nyingine ya simu. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba biashara ni mkononi, mchana, mbele za watu, Mpanda mjini. Nilijikinga na wezi. Kwamba kuna watu wataniamini kupita kiasi, hilo halikunijia kichwani kabisa.

Siku tatu picha zangu ziliambulia vicheko tu. Mmoja aliandika kwamba hiyo ni fimbo ya kupigia deki. Nikakasirika, nikamwambia mume wangu tupige video, waone wenyewe. Mjini ilishindikana. Uani kwetu mashine ililia kila hatua, maana mji huu umejengwa juu ya misumari na vizibo. Tukaamua kwenda Litapunga kwa mama yangu, ambaye anaishi peke yake tangu baba afariki, na ambako udongo haujawahi kuona kitu zaidi ya mihogo na mahindi.

Tulichagua nyuma ya jiko, pale shamba la mihogo linapoanzia. Nikavua pete yangu ya ndoa, mume akachimba kishimo cha kina cha kiganja, akaifukia, akasawazisha kwa mguu. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitutazama kama watoto wanaocheza mdako. Ndipo nikawasha kamera. Mume akapitisha mashine kushoto, akapitisha kulia, na ilipofika juu ya pete ikalia hasa, mlio mwembamba wa kuudhi, naye kwa furaha ya mtu aliyerudi mikono mitupu mwaka mzima akapiga kelele, "Ipo! Ipo hapa!" Nikampa simu aendelee kurekodi, nikainama, nikachimba, nikaitoa pete, nikaionyesha.

Tuliporudi mjini nikaitazama. Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwisho ulikuwa mimi: kitenge cha shambani, kichwa hakijasukwa wiki ya tatu, nimeinama, makalio yamejaza kioo chote. Na bando lenyewe lilikuwa linakaribia kuisha. Nikakata. Nikabakiza sekunde thelathini, mashine inalia, mume wangu anapiga kelele "Ipo!", na nyuma yake mlango wa bluu wa mama unaonekana vizuri kabisa. Nikaandika: Mashine nzima, imejaribiwa leo Litapunga. Mume naye aliitazama na hakuona kosa lolote. Yeye alifurahi kwamba sauti yake imetoka vizuri.

Asubuhi simu zikaanza. Wa kwanza alisalimia kwa adabu, halafu akauliza, "Mama, lile shamba nalo linauzwa?" Nikacheka, nikamwambia tunauza mashine. "Sawa, mashine tutaongea. Kwani shamba ni la nani?" Nikakata simu. Wa pili aliuliza ni upande gani wa Litapunga, kabla ya shule au baada ya shule. Wa tatu alikuwa mwanamke, ana sauti ya upole, akasema amesikia tumepata, Mungu ametukumbuka, je, atapata kajisehemu ka kuuzia chakula? Nikafungua simu nikakuta video yangu imezagaa kila mahali, na juu yake mtu kaandika maneno ambayo mimi sikuyaandika: Rashi mpya Litapunga.

Huku kwetu neno rashi halitamkwi ovyo. Dhahabu ikisikika mahali, watu wanaacha kuvuna, wanaacha harusi, wanahamia hapo na sururu na masufuria, na wakishaondoka panabaki mashimo ambayo hata mbuzi anayaogopa. Nikafuta video mbio mbio. Nikaandika maelezo marefu kwamba ile ilikuwa pete, pete yangu ya ndoa, tuliifukia wenyewe ili kuonyesha mashine nzima. Majibu yakaja papo hapo. "Mbona kafuta?" "Wanataka wale peke yao." Mwingine aliweka vile vikatuni vya nyuso tu, mstari mzima, vinavyotoa machozi kwa kucheka. Kila nilipokana ndivyo nilivyozidi kuwahakikishia.

Sikuweza kukaa. Niliosha glasi zilizokwisha oshwa. Nilitoka mlangoni, nikarudi, nikatoka tena. Mteja aliagiza juisi ya ukwaju nikampa ya embe, akainywa bila kusema kitu kwa jinsi alivyoniona nilivyo. Nilimpigia mama mara nne hakupokea, maana simu yake huiacha kwenye kapu la mahindi anapokwenda shambani. Saa saba mchana akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, hapa nina wageni. Wanasema wamekuja mambo ya mashine."

"Mashine ninayo mimi huku, mama. Wamekuja na nini?"

"Na sururu." Akashusha sauti. "Ila ni vijana wa adabu. Wameniamkia wote."

Nilifunga duka mteja akiwa bado na glasi mkononi. Tulikodi pikipiki moja, dereva mbele, mume katikati kaikumbatia mashine, mimi nyuma nikimsema kisogoni njia nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyekata ile video. Aliyejibu ni dereva. "Kwani mama," akasema bila kugeuka, "ni kweli ipo?"

Walikuwa wanaume kama thelathini. Walikuwa wamepiga vigingi na kufunga kamba katikati ya mihogo, wakagawana shamba la mama viwanja viwanja. Mihogo waliyoing'oa waliipanga vizuri mlangoni kwake, kwa heshima. Mashimo sita yalikuwa yameshafika magotini. Na chini ya paa la jiko, kwenye kigoda cha mama, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa na daftari akiandika majina, ili kusiwe na vurugu.

"Nyie!" nikapiga kelele. "Nyie nani kawaruhusu? Hili shamba ndiyo maisha ya mama yangu! Mimi nina nyumba mjini, nimembembeleza aje, hataki, kwa sababu ya hili shamba mnalolichana!"

"Dada, tulia," mwenyekiti akasema. "Tunaweka utaratibu mapema. Mwenye shamba atapata fungu lake."

Nikainua kidole, nikawaonyesha pete. Nikaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaeleza hata kuhusu nywele zangu. Kijana mmoja mwenye buti kubwa za mgodini alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu, "Mama, kila mwenye dhahabu husema hivyo." Wenzake wakacheka, wala si kwa ubaya, na sururu zikaendelea. Nilitamani kulia pale mbele yao. Nilikuwa natazama shimo moja likielekea kwenye mihogo michanga ambayo mama aliipanda mwenyewe akiwa na homa.

Ndipo mume wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wacha niipitishe," akasema.

Nikamtazama. Wote wawili tulijua anachokitoa. Mashine ikinyamaza mbele ya watu wale, basi ama shamba ni tupu ama mashine ni mbovu, na watu waliotoka mbali na sururu zao wangechagua neno gani ilikuwa wazi. Hakuna mtu Katavi nzima ambaye angeinunua tena. Friji yangu ilikuwa inaondoka hivihivi naiona. Nikamwambia, "Pitisha."

Akachomoa visikilizio ili kila mtu asikie. Akaanza kona ya juu, mstari hadi mstari, na wanaume thelathini wakamfuata nyuma kimya kama watu walio kwenye mazishi. Mashine haikusema kitu. Mara moja ikalia, watu wakarukia, kumbe ni buti la yule kijana lina chuma kwenye vidole. Karibu na ua ikalia tena, wakachimba mpaka kiwikoni, likatoka kopo la mafuta lililooza. Baada ya hapo ikanyamaza mpaka mwisho wa shamba. Mume wangu alikuwa anatokwa na jasho, na mimi nilikuwa nauombea ukimya uendelee, mimi niliyekuwa nimeombea mlio jana yake.

"Mashine mbovu hii," akasema mmoja, akabeba sururu yake. "Matapeli," akasema mwingine. Wakaanza kuondoka wawili wawili. Mwenyekiti akachana karatasi ya majina, akaikunja akaitia mfukoni, akaniambia siku nyingine nisisumbue wananchi wenye kazi zao.

Kesho yake picha ya mashine yangu ilikuwa kwenye kila kundi, safari hii ikiwa na onyo: Msinunue, hii ni ya wale matapeli wa Litapunga. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Mimi niliyesajili laini mpya kwa kuwaogopa matapeli! Lakini shamba lilikuwa limebaki, na nilijiambia hilo ndilo kubwa. Nililirudia kila nilipopita pale ambapo friji ingekaa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kufukia mashimo na kupanda upya. Mume alichukua beleshi akaanzia juu, mimi nilibeba mzigo wa vijiti vya mihogo mpaka nyuma ya jiko. Pale nikasimama. Shimo la hapo nililiacha likiwa magotini. Sasa lilikuwa limefika kiunoni, kuta zake zimenyooka, na udongo ulikuwa umerundikwa pembeni, mbichi. Nikajua wamerudi. Nikamwita mama kwa sauti ya mtu aliyevamiwa.

Akatoka ndani ameshika jembe. Udongo ulikuwa umempanda mpaka viwikoni.

"Mama, nani anachimba hapa?"

"Mimi."

Nilidhani ananitania. "Mama, wewe uliona. Ulisimama pale mlangoni, ukaniona naivua pete."

"Niliona," akasema. "Pete ilikuwa juu. Chini ya pete mlipima?"

"Tumepitisha shamba zima! Haikulia!"

"Haikulia kwa sababu ni mbovu. Wamesema wenyewe."

Hasira zikanipanda, sikuficha. Nilimwambia kuhusu mgongo wake, nikamwambia kuhusu umri wake, nikamwambia shimo kama lile lingemfukia na sisi tungekuja kumkuta wiki nzima imepita. Nikamwambia nimepigana na wanaume thelathini kwa ajili ya shamba hili, nimeitupa mashine kwa ajili yake, nimeitwa tapeli mkoa mzima kwa ajili yake, halafu yeye analichimba kwa mkono wake mwenyewe! Mume wangu huko juu aliacha kutupa udongo.

"Hiyo dhahabu, mama," nikasema, "hata ingekuwepo, wewe ungeifanyia nini?"

Hakuwa na haraka. Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha upande wa pili, halafu akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Ningeacha kulima," akasema, na mimi, binti yake wa pekee, ndiyo kwanza nikasikia kwamba amechoka.