Uzi wa Kijani Mguuni mwa Mbayuwayu

Mimi Anastazia wa Bukoba sina subira na ndege. Kwetu ndege ni kuku, na asiyekuwa kuku ni mwizi wa ulezi. Kwa hiyo mkiniona nasimulia habari za mbayuwayu, jueni ni kwa ajili ya Pandu na mkewe Dalila, Wazanzibari tuliopanga nao nyumba moja nyuma ya barabara ya Zhanqian, Guangzhou, mwaka tisini na nane.

Sisi wafanyabiashara tulinunua suruali na viatu tukapeleka nyumbani. Pandu ndiye aliyetufungia mizigo. Alikuwa akilikanyaga robota la nguo mpaka linakuwa gumu kama tofali, na Dalila analishona mdomo kwa uzi wa kijani. Kila mzigo uliopita mikononi mwake ulikuwa na uzi huo, ili kule bandarini tuutambue wenyewe bila kugombana. Dalila alikuwa mwembamba, mcheshi, na sindano ilikuwa haimtoki mkononi hata tukiwa tunakula.

Juu ya dirisha lao mbayuwayu walikuwa na kiota cha udongo. Mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Ayi, alikuwa amepigilia kibao chini yake ili mavi yasituangukie vichwani. Kwake ilikuwa mwiko kukibomoa, na Dalila akasema hata kwao Unguja nyumba ya mbayuwayu haiguswi. Wanawake wale hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya bei za nguo, lakini kwa kiota kile walielewana kuliko mimi na marehemu mume wangu.

Kinda mmoja alianguka. Dalila alimwokota, akamfunga uzi wake wa kijani mguuni, kisha Pandu akapanda kiti kumrudisha.

"Sasa na huyo naye ni mzigo?" nikamuuliza Dalila.

"Anakwenda kwetu, Da Anastazia," akasema. "Kwetu mbayuwayu wanakuja wakati wa vuli, masika yakikaribia huwaoni tena. Ndipo wanapofika hapa. Wakitoka hapa unadhani wanakwenda wapi? Nitamwambia mama amtazame."

Kweli alimpigia mama yake, Bi Mwatima wa Makunduchi, akamweleza kuhusu uzi. Ndege wakaondoka, na baridi ilipoingia Dalila akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akawa anashona ameegemea ukuta. Baada ya Idi alitaka kurudi nyumbani. Alikuwa ameshatoa mkoba chini ya kitanda. Siku ya kumpigia mama yake kumwambia anakuja, Bi Mwatima akamwahi: "Ndege wako nimemuona! Yuko hapa ukumbini, na uzi wake. Sisi sote wazima, mwanangu, usikate kazi yako kwa ajili yetu."

Dalila aliruka kwa furaha mle kwenye kibanda cha simu mpaka akakohoa akakaa chini. Mkoba akaurudisha chini ya kitanda. Alisema atamsubiri ndege wake hapa hapa, watakwenda nyumbani msimu ukiisha.

Alifariki wakati wa mwaka mpya wa Kichina, mji mzima umefunga milango. Tulimzika kwenye makaburi ya zamani ya Waislamu, karibu na Liuhua, na waliomsindikiza walikuwa wachache. Nililia, na mpaka leo nikikumbuka ile mvua nyembamba ya siku ile nalia.

Pandu akakataa kuondoka. Alisema hatoki Guangzhou mpaka amuone yule ndege. Alinunua darubini ya mtumba kwa mchuuzi wa pale stesheni, akawa anashinda bustani ya ziwa la Liuhua, ambako wazee wa Kichina hutundika tundu za ndege mitini wakacheza karata. Wazee walimzoea. Mimi nilikuwa nampelekea chai, na kwa hivyo macho yangu yakafunguka nikitaka nisitake. Yangeyange walianza kubeba vijiti kwenda kisiwa cha katikati ya ziwa. Misufi ya bustani ile, isiyokuwa na jani hata moja, ikachanua maua mekundu makubwa kama ngumi. Ndege ambaye hakuna aliyemuona akaanza kuita alfajiri kama anayetafuta mtu.

Kisha ikaja ile hali yao ya mwanzo wa joto, kuta zinapotoka jasho na sakafu inateleza. Ayi alituambia tufunge madirisha. Pandu, kama mtu yeyote wa kwetu, aliamini nyumba ikilowa unafungua upepo uingie ukaushe, tena alitaka kuwasikia ndege. Alifungua. Unyevu ukaingia wote, na kanga za Dalila zikaota koga ndani ya mkoba. Nilimkuta amekaa anazifuta moja moja kwa kiganja.

Heriel, mwenzetu aliyewahi kufundisha jiografia Moshi, aliniambia pembeni kwamba mbayuwayu wa China hawafiki kwetu. Wanaishia nchi za jirani huko kusini. Nikamwambia afunge mdomo wake.

Asubuhi moja Ayi alipiga kelele uani akionyesha juu. Mbayuwayu wawili walikuwa kwenye kiota, midomo imejaa tope. Pandu alitoka bila viatu. Alitazama kwa darubini muda mrefu. Akanipa mimi. Miguu ile ilikuwa mitupu, yote minne.

Mchana tulikwenda kibanda cha simu. Bi Mwatima, mkwewe, alikuwa anasikia kwa shida, hivyo aliongea kwa kelele na mimi niliyesimama kando nikayasikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamerudi ndege?"

"Wamerudi."

"Na wa Dalila?"

Pandu alinitazama. "Yupo, mama. Na uzi wake."

Yule mama akaanza kulia. "Alhamdulillahi. Basi alikuja kweli! Mimi sikumuona, Pandu. Nina mtoto wa jicho, tangu mwaka jana simuoni mtu aliyesimama mbele yangu. Nilimwambia nimemuona ili asijue. Angejua sioni, angeacha kila kitu akarudi."

Pandu aliegemea kioo cha kile kibanda. Angerudi. Mimi pia lilinichoma hilo neno, nikashindwa kumtazama usoni.

"Naja kwako, mama," akasema mwisho.

Jioni hiyo alilifunga robota dogo la kanga zilizoota koga, akalikanyaga taratibu, akaniletea sindano na kilichobaki cha uzi wa kijani. Mimi si mshonaji. Nilishona mdomo ule upande upande, machozi yananipofusha, na Pandu akaushika mpaka nikamaliza.

Mzigo ulifika. Bandarini Pandu aliutambua kwa mbali, akaubeba mwenyewe mpaka Makunduchi, na Bi Mwatima akaupapasa mpaka vidole vyake vikaupata uzi. Dalila yuko Guangzhou.