Mboga Chachu ya Hajra

Hajra alipokuwa mpishi wa masista Mlandizi, Sista Stellamaris alimpa kishina kimoja chenye mizizi. Akamwambia majani yake huliwa mabichi kwenye kachumbari, wenyewe wanayaita soreli. Hajra alikipanda nyuma ya nyumba ya mumewe, kijijini Janga, akakipa jina la mboga chachu.

Kishina kikawa tuta zima. Akiyakata majani leo, baada ya wiki mbili anakata tena, bila kupanda upya. Aliyatia kwenye mchuzi wa samaki badala ya ukwaju. Wanawake wenye mimba changa walibisha hodi alfajiri kuyaomba. Miaka minane ilipita hivyo.

Kisha mumewe, Zahoro, akaoa mke wa pili, Mwanakheri. Hajra alivumilia miezi saba. Ijumaa moja Zahoro alirudi msikitini na karatasi ya talaka.

Wazee walikaa kuamua nani achukue nini. Nyumba ni ya Zahoro, mikorosho ni ya baba yake. Mzee Maulidi, aliyeongoza kikao, akamgeukia Hajra.

"Na wewe binti yangu, ulipanda nini cha kudumu?"

"Mboga chachu, mzee wangu."

Wakacheka, hata yule aliyekuwa akisinzia.

"Mboga si zao la kudumu, mama," akasema Mzee Maulidi. "La kudumu ni mkorosho, mnazi, mwembe."

"Mikorosho mitatu imekauka humo shambani mnaiona. Mboga yangu ina mwaka wa tisa ardhini na bado inakatwa. Kipi kimedumu?"

Zahoro alikuwa akichezea simu.

"Basi niruhusiwe kung'oa vishina viwili tu," Hajra akasema.

"Ardhini kwangu hakitong'olewa kitu," Zahoro akasema bila kuinua macho, na wazee wakaliacha likapita.

Aliondoka na begi moja na sufuria zake, akaenda Masaki ya Kisarawe kwa kaka yake Abdulkadiri. Akamalizia eda yake huko, akimenya mihogo ya watu wengine.

Baada ya Idi simu ikaita. Mwanakheri.

"Shikamoo, dada. Samahani kukusumbua. Ile mboga imetoa mashina marefu yenye maua, majani yamekuwa magumu kama ngozi. Nimeanza kuyauza, na wateja wanalalamika. Nifanyeje?"

Hajra alijua. Mashina ya maua hukatwa mapema, chini kabisa, tuta likamwagiliwa, majani laini yakarudi.

"Marahaba. Yaache yatoe mbegu, mwenzangu," akasema. "Yatarudi yenyewe."

"Ahsante sana, dada yangu. Mungu akulipe."

Shukrani ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomuuma. Alidhani angefurahi. Mwanakheri hakuwepo kwenye kile kikao, hakumcheka.

Mara mbili siku ile Hajra alishika simu ampigie, amwambie ukweli. Salio lilikuwepo. Hakupiga.