Sentensi Aliyoifuta Mtani Wangu

Nilikuwa sokoni Nachingwea nabishana na muuza mbaazi juu ya kipimo chake, simu ikaita, na mke wa rafiki yangu akaniambia bila hata salamu, "Mtani wako ametutoka." Nikauliza ametoka kwenda wapi, maana akili hukataa kwanza. Akakata simu, nami nikaelewa. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua, sina tabia ya kutulia, na tangu siku hiyo ndiyo kabisa: nikikaa nasimama, nikisimama naudhika. Marehemu alikuwa Mmwera wa Mandawa, huko Ruangwa, mstaafu wa mambo ya nje, mtu aliyetumia maisha yake ya kazi akiandika matamko ambayo wakubwa huyasoma mbele ya mataifa. Mimi ni Myao. Kwa wasioijua kusini yetu, Myao na Mmwera ni watani, yaani nina haki ya kumtukana hata siku ya msiba wake, tena ni wajibu. Mtani ndiye anayesema mazikoni yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja, nao ulidumu tangu alipostaafu na kurudi kwenye mikorosho yake: gesi. Nilimwambia, sisi tuliozaliwa Nachingwea tunajua nchi hii ilivyokuwa na mdomo. Wapigania uhuru wa Msumbiji walipiga kambi hapa hapa, na waliovuka Ruvuma na watoto mgongoni walipewa mashamba. Wajukuu zao ndio majirani zetu leo. Wakati ule hatukuwa tunauza kitu cha chini ya bahari, na wakubwa wa dunia tuliwaambia tunachofikiri, wakipenda wasipende. Naye anacheka, anapuliza chai yake. "Mtani, wewe unaandika safu ya gazeti. Ukikosea, kesho wanafungia vitumbua. Nchi haisemi inachokijua, nchi inasema inachokimudu." Nilikuwa naondoka pale nimekasirika kweli, pikipiki naipiga mateke mpaka inagoma kuwaka.

Kumbe naye jambo hilo lilikuwa linamla. Siku moja tukimenya karanga barazani kwake akanisimulia mwenyewe. Nchi moja yenye nguvu ilikuwa imewaumiza watu wa nchi ndogo, naye akapewa kazi ya kuandika tamko letu. Akaandika sentensi moja iliyonyooka, kwamba hiyo ni dhuluma na sisi tunailaani. Lakini siku hizo hizo walikuwepo wageni kutoka nchi ile yenye nguvu, wamekuja kuzungumzia gesi iliyopatikana kwenye bahari ya Lindi na Mtwara. Akaisoma sentensi yake, akaifuta, akaandika, "Tunafuatilia kwa karibu." Nikamrukia, "Nani alikwambia ufute?" Akaacha karanga. "Hakuna. Ndicho kinachoniuma. Hakuna mkubwa aliyeniambia, hakuna mgeni aliyeniomba. Nilifuta mwenyewe." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Siku yangu ikifika, watani msinipambe. Semeni habari ya ile sentensi. Mkinyamaza mtakuwa mmenizika na mzigo wangu." Nikamwapia.

Nimelifikiria sana jambo hili, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyowashwa. Zipo nchi zenye mafuta mengi zinazogombana na nusu ya dunia, na bado dunia inapanga foleni mlangoni kwao. Zipo nyingine ambazo tangu zichimbe zimeanza kuchagua marafiki kwa kuangalia bomba linakwenda wapi. Jana walikuwa ndugu, leo ni wateja. Balozi wa zamani alitumwa kwenda kutetea wanyonge, wa leo anatumwa kutafuta wawekezaji. Simlaumu, mkono mtupu haulambwi, na barabara zetu za vumbi zikipata mvua wajawazito wa vijiji kama Matambarale wanajua wanavyofika hospitali. Ninachokikataa ni hii haraka. Gesi ile ya kina kirefu bado iko chini ya bahari, bado tunazungumza na kuahirisha na kuzungumza tena. Sasa jamani, mtu hata shamba hajapalilia, tayari anaogopa kumuudhi mnunuzi! Anayeuza sana ana kiburi, na asiye na cha kuuza ana mdomo. Sisi tumekuwa katikati, hatuna hiki wala kile.

Basi siku ya mazishi tukakusanyika Mandawa. Kijana mkubwa wa marehemu ana kazi ya mkataba kwenye kampuni moja ya nje inayotafuta gesi, na alikuja na bosi wake, mzungu mmoja mrefu, mpole, amebeba shada la maua. Kijana akanivuta nyuma ya jiko. "Baba mdogo, nakuomba, leo utani usiwepo. Mkataba wangu unakwisha na huyu ndiye anayeamua. Asije akaona tunamkejeli maiti akatuona watu wa ajabu." Nikamuuliza, "Amekuomba hivyo?" Akasema, "Hajaomba, lakini..." Nikamweleza nilichomwapia baba yake, naye akaanza kulia. Nilimwonea huruma, wallahi, ana watoto wadogo na kazi siku hizi haziokotwi. Nikazunguka ule uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, kiapo cha marehemu huku, ugali wa mwanawe kule.

Sikupata nafasi ya kuamua. Jeneza lilipoinuliwa, shangazi yangu kutoka Chiola, bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza mnadani, na ambaye nilikuwa nimemsimulia habari yote, akajilaza njiani mbele ya waliobeba. "Hapiti mtu! Mmwera huyu mwoga! Kaona mtu anapigwa, kaandika anapigwa. Kaona mgeni wa gesi, kafuta! Nani kakutuma kufuta, we mwoga? Amka utujibu!" Watu wakacheka huku wanalia, kama inavyokuwa. Mzungu akainama, akamuuliza kijana kwa Kiingereza bibi anasema nini. Kijana akajibu kwamba bibi anasema marehemu alikuwa mtu mwema, alipendwa na wote. Nyuma yake alisimama mama yake amejitanda khanga, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza hicho hicho miaka mingi. "Na wewe unafuta?" akamwambia. "Mbele ya jeneza la baba yako?"

Kijana akamgeukia tena mzungu. Akatafsiri yote, uoga, mgeni wa gesi, sentensi iliyofutwa, sauti inakatika njiani anaiokota anaendelea. Mzungu akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasogea pembeni kulipisha jeneza. Basi. Hakununa, hakuondoka, makaburini alichukua koleo akafukia kama wengine. Shangazi akainuka, akakung'uta vumbi, akasema sasa Mmwera wake anaweza kwenda.

Mkataba wa kijana sijui utakuwaje, na siwezi kuwadanganya kwamba ukweli hulipa. Ninachojua ni kwamba rafiki yangu alikuwa mtu mwema, aliipenda nchi hii, na aliishi miaka yake ya mwisho bila raha kwa sababu ya kumwogopa mgeni ambaye hakuwa amefungua mdomo. Ni wangapi kama yeye wako maofisini leo, kalamu mkononi, wanafuta? Gesi itatoka, Mungu akipenda, na tuiuze kwa bei nzuri. Ila kabla hatujanyamaza kwa ajili ya mtu, tungoje kwanza atuombe. Na akituomba, hapo ndipo tutajua hasa alikuja kununua nini.