Siku Wakwe Waliponisubiri Uwanja wa Ndege

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana hata mimi nikikumbuka najifunika shuka usoni, ila bora mnisikie mwenyewe kuliko watu wa Kibondo, ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi.

Siku ya kupeleka posa kwa kina Stella huko Kibondo tulipaswa kuondoka Kasulu alfajiri, lakini mpaka saa tatu mimi nilikuwa bado kwa fundi sokoni nasubiri suruali iongezwe kiuno (alinipima nikiwa na njaa). Kaka yake Stella akauliza kwenye kundi la familia: “Shemeji, mtatumia muda gani?” Mwenye akili angejibu “tuko njiani” akanyamaza, lakini mimi, kwa kutaka kuonekana mtu wa kisasa, nikatafuta kwenye simu umbali wa Kasulu na Kibondo, likaja jibu limejaa namba, nikalipiga picha nikalituma bila kulisoma. Kisha nikazima simu nitunze chaji.

Tukafika mchana. Nyumba kimya, yupo bibi yake Stella peke yake mlangoni anachambua maharage.

“Wenyeji wako wapi, bibi?”

“Wameenda uwanjani kupokea ndege.”

“Ndege ya nani?”

“Si yako?”

Nikawasha simu. Ile picha ilisema robo saa, na juu yake kamechorwa kandege kadogo ambako watu wote wa Kibondo walikaona isipokuwa mimi niliyekatuma! Kila mtu kule anajua gari haliwezi kutoka Kasulu kwa robo saa, kwa hiyo wakaamini mkwe anashuka kutoka juu.

Uwanjani tuliwakuta mashangazi wamevaa vitenge vya sare, ngoma imechoka, majirani wamekaa kwenye nyasi, na baba Stella kavaa koti lake zito, kiganja juu ya macho, anatazama mawingu. Gari likasimama. Wa kwanza kuteremka alikuwa mbuzi wetu wa posa.

Baba Stella akanisogelea, akasema taratibu, “Mwana wanje, mwanangu, hawa wote nimewaita mimi.”

Hapo iliniuma kweli, kwa sababu aibu ilikuwa yangu na aliyeibeba ni yeye. Ningeomba radhi yangeisha. Lakini baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, akaninong'oneza, “Sema imeharibika,” nami mjinga nikasema kwa sauti kubwa, “Ndege ilipata hitilafu, baba, tukaona tuchukue gari.”

Mzee akapumua, akawageukia watu kwa fahari kuwaeleza. Ndipo dereva wetu akatoa kichwa dirishani: “Ndege gani tena? Si tulichelewa kwa ajili ya suruali yako?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Stella hakucheka. Baba yake akavua koti, akalikunja, akasema, “Posa haipokelewi leo. Mtarudi mwezi ujao, na huyu atangulie siku moja kabla, alale hapahapa Kibondo tukimwona.”

Nilitangulia siku mbili. Posa ikapokelewa, tukaoana, na nimeapa sitamtajia tena mtu dakika za safari, hata ya kwenda msalani. Haijasaidia. Mpaka leo baba mkwe akinipigia kuuliza tumefika wapi, kabla sijafungua mdomo anasema, “Mpe simu Stella.”