Gambuti za Mzee Chenge

Modesta Kashindye alikuwa na ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Programu ya lebo katika kiwanda kimoja cha samaki huko Nyakato aliiandika mwenyewe, kwa Python, ndani ya wiki tatu, na hakuna aliyepumua kwa majigambo yake. Kila kreti ya sangara ilipopimwa, programu iliiuliza hifadhidata samaki wale wameshushwa mwalo gani wa ziwani na lini, kisha ikatoa lebo. Bila lebo, kreti haiingii chumba cha baridi.

Sasa, kila siku mchana programu iligoma, sangara wakabaki wanalainika juu ya barafu inayoyeyuka. Modesta aliisingizia kompyuta: imezeeka. Akiizima na kuiwasha, kazi inaendelea. Dorcas, meneja wa uzalishaji, akachoka.

"Ikigoma tena Jumamosi tunarudi kwenye madaftari, na wewe nakutakia kila la heri."

Ijumaa Modesta akataka kuingia ukumbi wa samaki akajionee programu inavyogoma. Mlangoni kuna Mzee Chenge, mtunza gambuti, zile buti za mpira ambazo bila hizo mtu haingii.

"Shikamoo, mzee. Naomba jozi moja."

"Marahaba. Zimekwisha. Ziko jozi mia moja, watu wanatoka kula nazo, hawarudishi. Hata wewe unazo mbili chini ya meza yako."

Modesta aliona aibu, kisha akashtuka. Mia moja! Hifadhidata nayo aliiwekea mwenyewe ukomo wa miunganisho mia moja. Alikimbia mezani. Kweli bwana: kwa kila kreti programu ilifungua muunganisho mpya, ikauliza, ikajibiwa, ikauacha wazi. Kreti ya mia moja na moja haikuwa na pa kupita. Akaongeza mstari wa kufunga, tena akauweka mahali ambapo ungetekelezwa hata swali likigonga mwamba.

Jumamosi kreti ya mia moja na moja ikapita. Ya mia mbili. Ya mia tatu na arobaini, samaki wakiwa bado wagumu.

Jioni Dorcas akamkuta getini. "Umepata kompyuta nyingine?"

"Hapana, mama. Ile niliisingizia tu. Kosa ni langu: nilikuwa nafungua, sifungi."

Dorcas akamtazama kuanzia kichwani, macho yakaishia miguuni.

"Jumatatu uwahi kazini," akasema. "Ila kabla hujaondoka, mrudishie Mzee Chenge gambuti zake."