Kabureta ya Lukozi Ilipofika Mombo

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Usambara mnakumbuka, chombo cha kwanza cha mtoto kilikuwa baiskeli ya mbao. Magurudumu ya mti, mafuta ya kupikia yaliyoibwa jikoni ndiyo grisi, breki ni kisigino. Tulishuka nayo vilima vya Lukozi tukiwa na mapeasi mfukoni, na haikula petroli hata tone. Nadhani ndiyo iliyotuharibu akili. Tulikua tukiamini kwamba chombo kizuri ni kile kisichokula.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kati ya watatu. Shule nikaiachia hapo. Baba alituachia pikipiki kuukuu, na nilipotimiza miaka kumi na sita nilikuwa nikiibebesha karoti na kabichi hadi sokoni Lushoto. Ilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi.

Fundi Zuberi, mzee mwenye banda pale sokoni, alinifundisha kabureta, kile kinachoichanganyia injini mafuta na hewa, kwa kunifokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hiyo bisibisi, si mwiko huo!"

Alinionyesha sindano iliyomo ndani ya kabureta, yenye mikato kichwani na klipu ndogo. Ukipandisha klipu mkato mmoja, sindano inakaa chini zaidi na mafuta yanapita machache. Kisha unafungua plagi, ile inayotoa cheche, na kuitazama: ikiwa nyeusi injini imevimbiwa, ikiwa rangi ya kahawa ni sawa, ikiwa nyeupe ina njaa na itaungua.

Nilipandisha mkato mmoja. Mafuta ya siku mbili yakatosha siku tatu, na wenzangu wa pikipiki wakaanza kuniita Injinia. Jina tamu lile. Nikapandisha na wa pili.

Mwaka huohuo mdogo wangu Ayubu alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbele ya Korogwe. Barua ilisema asiyeripoti kufikia saa kumi ya siku ya mwisho, nafasi yake anapewa mwingine. Sare ilichelewa kwa mshonaji, tukajikuta tumebaki na siku hiyo ya mwisho.

"Mpandishe basi," Fundi Zuberi alisema.

"Basi la nini, babu, na pikipiki yangu haili?"

"Haya, Injinia. Basi chukua spana ndogo."

Sikuichukua. Kabureta iliyokamilika inafunguliwa ya nini?

Kutoka Lushoto nilizima injini, kama tulivyofanya wote, tukateremka hadi Mombo kwa mteremko mtupu. Sanduku limefungwa nyuma, Ayubu kakumbatia godoro. Nilijisifu njia nzima. Pale chini joto lilitupokea, barabara ikanyooka, nikawasha injini. Ikapiga baruti mara mbili, ikakohoa, ikazima. Nikawasha tena, ikasogea hatua chache kati ya mashamba ya mkonge, ikafa. Spana ya plagi ilikaa chini ya kiti siku zote, nikaifungua plagi. Nyeupe kama jino.

"Dada, Injinia amechoka?"

"Shika godoro, wewe!"

"Nimeshika. Ila saa nane imepita."

Hapo aliacha kutania, akatazama kiatu chake kipya. Mimi nilijua shule inavyokuacha. Haigombi wala haikuiti, inaendelea tu na wengine.

Bila ile spana ndogo, sindano nisingeifikia. Kilichobaki ni choki, kile kijiti tulichovuta asubuhi za ukungu Lukozi ili injini ipate mafuta mengi na kuamka. Nikakivuta nusu, kwenye jua la Mombo. Injini ikaamka.

"We dada, unaona baridi?" muuza machungwa alinipigia kelele, na wenzake wakacheka.

Tukaenda hivyohivyo. Tulifuka moshi mweusi hadi lango la shule, mwalimu akiwa tayari anafunga daftari lake.

"Mnatoka wapi na moshi huu?"

"Shikamoo, mwalimu. Lukozi."

Alitutazama, akafungua daftari upya, akaandika jina la Ayubu. Petroli niliyookoa mwezi mzima ilikuwa imeishia njiani.

Likizo yake ya kwanza Ayubu alirudi na elimu. "Dada, hewa ya mlimani ni nyepesi, ya Mombo ni nzito. Mafuta uliyopimia huku, kule hayatoshi." Kwa hiyo nilimpeleka shule ili aje anieleze kwa nini nusura asifike shule.

Siku hizi vijana wa Lushoto wanajifunza kabureta kwenye simu, kwa fundi anayeishi tambarare asiyejua hata Soni, hapo njiani tunaposhukia, iko wapi, kisha wananiuliza kwa nini pikipiki inajikwaa. Wenye uwezo wananunua zile zisizo na kabureta kabisa, zinazojipimia hewa zenyewe, na kushuka Mombo bila kukohoa wala kumwaibisha mtu. Ni nzuri, sikatai. Ila sisi ukoo mzima tulipata mtu wa kutuelezea hewa, na alipatikana kwa kuvuta choki juani.