Nilipogoma Kusogea Nusu Hatua

Enzi zetu kule Buhare, kodi ya muziki, yaani zile noti zinazoimbwa kwa pamoja, haikutafutwa kwenye simu. Ilitafutwa kwa miguu. Mwalimu Magesa, aliyefundisha kwaya ya watoto, alitupanga wanane mstari mmoja kwenye sakafu ya kanisa, kila mtu na noti yake, kuanzia do ya chini mpaka do ya juu. Tuliachana hatua nzima, isipokuwa tatu na nne, na saba na nane, waliosimama nusu hatua, karibu kukanyagana. Akisema, "Moja, tatu, tano," wenye namba hizo waliimba pamoja, na hiyo ndiyo kodi ya furaha. Ya huzuni ni hao hao, ila tatu anarudi nusu hatua kuelekea kwa mbili, na sauti yake inashuka naye. Basi. Waeleze vijana wa leo hivyo uone watakavyokukodolea macho.

Namba tatu nilikuwa mimi. Mbili alikuwa Rehema, na tulikuwa tumenuniana kwa sababu alikula kichwa cha samaki wangu, sato. Siku hiyo tukaitwa kuimba msibani, mama mzazi wa Mwalimu amefariki. Ishara ya kodi ya huzuni ikatolewa, mimi nikagoma kumsogelea yule mwizi. Tukaimba msiba kama harusi. Waombolezaji wakageuka kutuangalia, nikatamani ardhi inimeze.

Mwalimu hakunichapa. Aliniita pembeni, macho mekundu, akasema, "Nyangeta, tatu ndiye anabebaga huzuni. Usiposogea, inaonekana hatukumpenda mama." Nililia kuliko wafiwa.

Mwezi uliopita tumemzika Mwalimu mwenyewe. Katikati ya ibada umeme ukakatika, kinanda kikazima, na vijana wa kwaya, wenye kodi zote za dunia kwenye simu, wakabaki kuulizana waanzie wapi. Nilichukia kweli. Miaka yote hiyo ya kubonyeza, hata tatu hawajui iko wapi!

Nikaenda mbele. Rehema akanifuata na fimbo yake, akasimama mahali pake bila kuambiwa. Wa moja na wa tano wakatoka kwenye mabenchi, mvi tupu. Nikasogea nusu hatua, bega langu likagusa la Rehema, na wimbo ukatoka kama Mwalimu alivyoutaka.

Vijana wakatoa simu, wakaturekodi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza asimame wapi.